Wimbi jitu: ni kukutana au ni kunyonyana?

*Kwa zaidi ya nusu karne wanahisabati na wataalamu wa bahari wamebishana kuhusu chanzo cha mawimbi yanayovunja meli. Jibu ndilo litakaloamua kama nahodha anaweza kupewa onyo, au ajengewe tu chombo imara zaidi.*

Tarehe 16 Februari 1979 meli iliyokuwa ikipita Atlantiki iliopoa mashua ya kuokolea watu. Ilikuwa imevunjika na haikuwa na mtu ndani.

Mashua hiyo ilikuwa ya München, meli ya mizigo ya Ujerumani Magharibi iliyong'oa nanga Bremerhaven tarehe 7 Desemba 1978 kwenda Savannah, Marekani. Ilibeba watu 28. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba redio yake iliomba msaada, kisha ikanyamaza. Meli na ndege zilitafuta kwa siku nyingi. Hakuna mtu aliyepatikana.

Wachunguzi walizikagua pini za chuma zilizoishikilia mashua ile melini. Zilikuwa zimepindishwa kutoka omo kuelekea tezi. Lakini mashua haikuwa ikikaa karibu na maji. Mahali pake palikuwa mita 20 juu ya usawa wa bahari. Kitu kilikuja kutoka mbele, kikapita kwa kimo hicho, kikaing'oa.

Wakati huo wahandisi wengi wa meli wasingekubali kuandika neno wimbi mbele ya namba hiyo. Mabaharia walikuwa wamelisema kwa vizazi na hawakusadikiwa. Mwaka 1826 nahodha Mfaransa Dumont d'Urville aliripoti kuona katika Bahari ya Hindi mawimbi ya zaidi ya mita 30, akiwa na mashahidi. Mwanasayansi mashuhuri wa Paris, François Arago, alimdhihaki hadharani. Nadharia ya siku hizo haikuwa na nafasi ya wimbi kama hilo, kwa hiyo aliyeliona ndiye aliyeonekana mwongo.

Iliyomaliza ubishi huo ilikuwa mashine.

Alasiri ya Mwaka Mpya

Draupner ni jukwaa la gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, mahali penye kina cha mita 70. Kifaa cha leza kilifungwa humo kikitazama chini, kikipima umbali hadi kwenye maji. Tarehe 1 Januari 1995, alasiri, kukiwa na dhoruba, kifaa hicho kiliandika wimbi moja lenye kimo cha mita 25.6 kutoka bondeni hadi kileleni. Kilele peke yake kilipanda mita 18.5 juu ya usawa wa kawaida wa maji.

Mawimbi jirani yalikuwa makubwa, lakini ya kawaida kwa dhoruba. Kimo wakilishi, yaani wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, kilikuwa karibu mita 12. Wimbi hili moja lilizidi mara mbili ya hapo. Wataalamu wengi leo wanatumia kipimo hicho hicho: wimbi jitu ni lile linalozidi mara mbili ya kimo wakilishi cha bahari inayolizunguka.

Hapo ndipo namba zinapoanza kusumbua. Ukichukulia kwamba mawimbi yanajumlishana tu, kila moja likija kwa bahati yake, basi wimbi la mara mbili ya kimo wakilishi hutokea takriban mara moja katika kila mawimbi 3,000. Ni adimu, lakini si muujiza. Kilele cha mita 18.5 ni habari nyingine. Kwa hesabu hiyo hiyo, kilele cha namna ile kinatakiwa kutokea mara moja katika mawimbi zaidi ya milioni 100.

> Kwa hesabu ya zamani, kilele kile kilitakiwa kuonekana mara moja katika mawimbi zaidi ya milioni 100.

Ama leza ile iliangukiwa na bahati isiyo ya kawaida, ama kuna kitu hesabu ya zamani haikukiona.

Mawimbi hayaendi mwendo mmoja

Kuhusu chanzo cha wimbi kama hilo, upande wa kwanza unasema hakuna haja ya kutafuta mbali. Katika kina kirefu, wimbi refu hukimbia kasi kuliko fupi. Wimbi lenye vilele vinavyofuatana kwa sekunde 10 huwa na urefu wa mita 156 hivi, na nishati yake husafiri karibu kilomita 28 kwa saa. La sekunde 20 lina urefu wa zaidi ya mita 600 na nishati yake husafiri mara mbili ya mwendo huo. Ndiyo maana dhoruba inapopiga mbali, ufukweni huanza kufika yale marefu yanayopumua polepole, na mafupi hufuata baadaye. Huu ndio mtawanyiko wa mawimbi.

Mtawanyiko kwa kawaida hupunguza nguvu: rundo la mawimbi hutandazika na kushuka kimo. Lakini unaweza kwenda kinyume. Mzee akitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, kijana akamfuata kwa baiskeli, wa tatu akaondoka adhuhuri kwa pikipiki, wote watatu wanaweza kufika kivukoni dakika ile ile. Mawimbi mafupi yakitangulia na marefu yakafuata kwa mpangilio unaofaa, yatafikiana mahali pamoja na vilele vyote vitapandiana. Sekunde chache baadaye yanapitana na bahari inarudi ilivyokuwa.

Kueleza jambo hilo kwa uhakika kunahitaji chombo cha hisabati kiitwacho integrali ya mtetemo. Bahari inaandikwa kama jumla isiyo na mapengo ya mawimbi mepesi, kila moja likipanda na kushuka kwa mwendo wake. Ukijumlisha vitu vinavyopanda na kushuka, karibu vyote vinafutana. Kinachobaki kinatoka sehemu chache ambamo mitetemo iliyo jirani inakwenda pamoja. Kazi yote ni kuzipata sehemu hizo na kupima kinachobaki.

Mwingereza George Airy alikutana na integrali ya aina hiyo mwaka 1838 alipokuwa akihesabu mwanga wa upinde wa mvua, pale miale inapokunjamana na mwanga kuwa mkali. George Stokes alipata njia ya kuikokotoa mwaka 1850. Mwaka 1887 Lord Kelvin akaitumia mbinu hiyo kwenye maji, na kwayo akaeleza ile alama ya mkia inayofuata meli. Katika kina kirefu, pembe ya kila upande wa mkia huo ni digrii 19 na nusu hivi, awe bata au meli ya mizigo. Kwenye mikono miwili ya mkia, ambako mawimbi yamekunjamana, kanuni inayotawala ni ile ile ya Airy ya upinde wa mvua.

Nasisitiza historia hii kwa sababu mara nyingi utafiti huu huhesabiwa kuwa anasa ya vyuo vikuu. Ulianzia kwenye vitu ambavyo mtu yeyote anaviona kwa macho yake, na bado uko huko.

Wimbi linalonyonya majirani

Upande wa pili unasema kujumlisha hakutoshi, kwa sababu mawimbi makubwa huathiriana.

Ushahidi wao wa kwanza ulitokana na kero ya maabara. Katika miaka ya 1960, huko Feltham karibu na London, Brooke Benjamin na Jim Feir walijaribu kutengeneza mawimbi sawasawa ndani ya tangi refu. Yalianza vizuri karibu na mtambo. Yaliposafiri yalianza kuharibika: mengine yakavimba, mengine yakanywea, mpaka mfululizo wote ukavunjika. Mtambo haukuwa na tatizo. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha maelezo kwamba mfululizo wa mawimbi sawasawa katika kina kirefu hauwezi kudumu. Kasoro ndogo hukua, na wimbi moja huanza kunyonya nishati ya majirani zake.

Mwaka uliofuata, katika Umoja wa Kisovyeti, Vladimir Zakharov alionyesha kwamba kukua na kunywea kwa mafungu hayo kunafuata mlinganyo mmoja mfupi, mlinganyo wa Schrödinger usio mstari. Ndani yake nguvu mbili zinavutana: mtawanyiko unaotandaza wimbi, na kuathiriana kunakolikusanya. Mwaka 1983 Howell Peregrine alipata jibu la ajabu la mlinganyo huo: wimbi linaloinuka ghafla hadi mara tatu ya majirani zake, kisha linatoweka bila kuacha alama.

Kwa miaka mingi jibu la Peregrine lilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2011 Amin Chabchoub na wenzake mjini Hamburg walilitengeneza majini, ndani ya tangi lenye urefu wa mita 15. Mawimbi yalianza na kimo kidogo mno, sentimita chache tu. Moja likapaa karibu mara tatu ya mengine, kama ilivyotabiriwa.

Walioamini upande huu waliona mjadala umekwisha. Haukuwa umekwisha. Tangi lina kuta mbili, na mawimbi yake yote yanaelekea upande mmoja. Bahari ya dhoruba haina kuta. Mawimbi yanapotoka pembe mbalimbali, kule kunyonyana hudhoofika sana.

Maji yaliyoinuka mahali pa kushuka

Rekodi ya Draupner yenyewe ilikuwa na siri iliyokaa miaka 16 bila kuelezwa.

Ukiondoa kwenye rekodi ile kupanda na kushuka kwa haraka, unabaki na badiliko la polepole la usawa wa maji. Nadharia inasema kwamba fungu la mawimbi makubwa linaloelekea upande mmoja linapaswa kuushusha kidogo usawa huo chini yake, kama vile linaukandamiza. Chini ya wimbi la Draupner usawa ulikuwa umeinuka.

Mwaka 2011 Thomas Adcock, Paul Taylor na wenzao walitoa maelezo. Maji yanaweza kuinuka namna hiyo ikiwa mafungu mawili ya mawimbi yanakatana kwa pembe pana. Wimbi la Draupner, walisema, halikuwa la dhoruba moja. Lilikuwa la bahari mbili zilizovukana.

> Wimbi la Draupner, walisema, lilikuwa la bahari mbili zilizovukana.

Ndipo likaja jaribio la Edinburgh. Chuo kikuu cha mji huo kina tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 25, limezungukwa na makafi 168 yanayoweza kurusha mawimbi kutoka upande wowote. Timu ya Mark McAllister, pamoja na akina Adcock na Taylor, ilijaribu kulizalisha upya wimbi la Draupner kwa kipimo kidogo. Mawimbi yote yalipoelekezwa upande mmoja, kilele kilivunjika na kumwagika kabla ya kufikia kimo kinachotakiwa. Yalipokatana kwa digrii 120 hivi, maji hayakumwagika mbele. Yalirushwa juu, na kimo kikafikiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Jambo hilo linanishawishi kuliko milinganyo mingi, kwa sababu linaonyesha kwamba kuvunjika kwa wimbi, tulikokudhani kuwa ndiko mpaka wa kimo chake, kunategemea pembe.

Miaka mitatu kabla ya hapo Francesco Fedele na wenzake walikuwa wamepima majitu matatu halisi: Draupner, Andrea la mwaka 2007 katika Bahari ya Kaskazini, na Killard la mwaka 2014 kwenye pwani ya Ireland. Hitimisho lao ni kwamba kunyonyana kwa Benjamin na Feir hakukuwa na mchango wa maana. Mawimbi yalikutana kwa bahati, kisha marekebisho madogo yakafanya kazi: mawimbi makubwa huwa na vilele vilivyochongoka na mabonde yaliyotandazika. Ndiyo maana lile la Draupner lilipanda mita 18.5 lakini bonde lake lilishuka mita 7 tu.

Kusini mwetu

Kuna bahari moja ambako chanzo cha tatu kinaingia, nayo iko kwenye njia ya meli zetu.

Maji yanayoletwa kutoka mashariki na mkondo wa Bahari ya Hindi yakifika upande huu hugawanyika. Sehemu yake hupanda kaskazini kupita pwani ya Tanzania na Kenya. Nyingine huteremka kupitia Msumbiji na Madagaska, ikaungana kuwa mkondo wa Agulhas unaobana pwani ya Afrika Kusini kwa mwendo unaoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde. Kutoka upande wa pili huja mawimbi mapana yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini. Yanapokutana na mkondo uso kwa uso, yanafupika, yanasimama wima, na yanapindishwa kuelekea katikati ya mkondo. Miale ya mawimbi inakunjamana kama ile ya mwanga wa Airy.

Mwaka 1909 meli ya abiria Waratah iliondoka Durban kwenda Cape Town ikiwa na watu 211. Haikufika, na haijapatikana mpaka leo. Mwaka 1968 meli ya mafuta World Glory ilikatika vipande viwili katika bahari hiyo hiyo. Mwaka 1974 Profesa J. K. Mallory alikusanya visa vya meli zilizopigwa huko na kutoa ushauri ambao manahodha bado wanaufuata: upepo wa kusini-magharibi unapokaribia kuvuma dhidi ya mkondo, sogea karibu na pwani, ndani ya mstari wa kina cha mita 200, utoke kwenye mkondo.

Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi kuzungusha meli zao kupitia kusini mwa Afrika. Vyombo vingi zaidi vikapita juu ya mkondo huo, vikiwa vimerundikiwa makontena hadi juu.

Wenye kalamu na karatasi

Wanahisabati wameingiaje hapa? Kwa swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu peke yake: mlinganyo unaotumika unaaminika mpaka wapi?

Mwaka 1977 Robert Strichartz alithibitisha makadirio yanayoonyesha kwamba mawimbi yenye mtawanyiko hayawezi kubaki yamerundikana mahali pamoja muda mrefu. Integrali za mtetemo ndizo zilizompa makadirio hayo. Mwaka 1993 Jean Bourgain alilichukua tatizo gumu zaidi, mawimbi yanayozunguka bila pa kukimbilia, akaonyesha namna ya kuutawala mlinganyo usio mstari hata huko. Karibu kila kilichofuata kimejengwa juu ya kazi hizo mbili.

Faida yake inaonekana kwenye utabiri wa kila siku. Mitambo ya kutabiri mawimbi duniani inafuata wazo la Klaus Hasselmann la mwaka 1962: usifuatilie kila wimbi, fuatilia jinsi nishati inavyohama kati ya mawimbi marefu na mafupi. Ni wazo lililofanya kazi kwa miongo, lakini liliegemea dhana isiyothibitishwa kwamba mawimbi hubaki bila uhusiano baina yao. Mwaka 2023 Yu Deng na Zaher Hani walichapisha uthibitisho kamili wa kanuni ya namna hiyo, wakianzia kwenye mlinganyo wa Schrödinger usio mstari. Walilazimika kuhesabu njia nyingi mno ambazo mawimbi yanaweza kukutana, na kuonyesha kwamba nyingi zinafutana.

Na kwa mawimbi majitu hasa, Gigliola Staffilani na wenzake watatu walithibitisha jinsi uwezekano wa wimbi refu unavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka, pale ambapo kuathiriana ni hafifu na mwelekeo ni mmoja. Ubishi uliokuwa wa picha na matangi umepata nadharia yenye masharti yaliyoandikwa wazi. Bado ni mwelekeo mmoja, na Draupner ilikuwa na miwili.

Onyo la dakika mbili

Ubishi huu unagusa uhai wa watu.

Kama chanzo ni kunyonyana, wimbi linatoa dalili: fungu fulani linaanza kuvimba kabla ya jitu kuinuka. Mwaka 2016 Will Cousins na Themistoklis Sapsis wa taasisi ya MIT walitengeneza njia ya kuyatambua mafungu hayo ambayo ingeweza kutoa onyo la dakika mbili au tatu. Dakika mbili zinatosha kuwaondoa watu sitahani na kuelekeza omo kwenye wimbi.

Kama chanzo ni kukutana kwa bahati, hakuna wimbi la kulifuatilia. Mtaalamu anaweza kukwambia tu kwamba usiku huu hatari ni kubwa kuliko jana. Hapo kinga inahamia kwa wahandisi: madirisha ya daraja la meli, vifuniko vya ngama, kimo cha majukwaa.

Kwa ushahidi uliopo, naona upande wa kukutana una nguvu zaidi katika bahari wazi. Sioni hilo kuwa sababu ya kukata tamaa ya kutoa tahadhari. Bahati nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo inaweza kumfikia mwenye ngalawa.

Kimo kinachotajwa katika utabiri wa mawimbi, kwa kawaida ya kimataifa, ni kimo wakilishi. Mvuvi anaposikia mita 2 huelewa kwamba wimbi kubwa kuliko yote litakuwa la mita 2. Hapana. Mawimbi yanayofuatana kwa sekunde sita hufika 3,000 kwa saa tano, yaani muda wa kwenda kutega na kurudi, na moja kati ya hayo 3,000 linatarajiwa kufika mita 4. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa tayari hutoa namba hiyo ya pili, kimo cha juu kinachotarajiwa, pamoja na ile ya kwanza. Matangazo ya redio yanayosikilizwa na wavuvi kuanzia Lamu hadi Mtwara yanaweza kuitaja pia. Ni sentensi moja ya ziada, na hesabu yake haisubiri ubishi huu umalizike.